Kishikwambi cha Michezo na Saa ya Kupima Moyo



Mwezi wa Oktoba ukifika, minada ya korosho huanza. Fedha za wakulima zikishaingia, wachuuzi nao hufika. Zamani walileta baiskeli, redio na kanga. Siku hizi wanaleta pia vishikwambi vya michezo kwa watoto, na saa za mkononi ambazo eti hupima moyo, presha na hata sukari. Tumeviona Masasi mjini, tumeviona sokoni Newala. Watu wananunua. Wengine wanasita na kuuliza: je, vitu hivi ni vya kweli, au ni maneno ya biashara tu?

Tuliazima kishikwambi kimoja na saa moja, tukakaa navyo wiki mbili Newala. Majina ya viwanda hatuyataji. Vitu vya namna hiyo ni vingi, na vingi vinafanana.

KISHIKWAMBI NI NINI?

Kishikwambi ni kama simu kubwa ya kugusa, yenye upana wa daftari. Wengi wenu mmekwisha kukiona. Mtakumbuka Sensa ya mwaka 2022. Makarani walipopita nyumba kwa nyumba kuanzia tarehe 23 Agosti, hawakuandika kwenye makaratasi. Walibonyeza kwenye kioo. Hicho kioo ndicho kishikwambi. Baada ya sensa, vishikwambi vile vilipelekwa kwa walimu.

Kile tulichokijaribu kimetengenezwa kwa ajili ya michezo. Kioo chake ni kizuri, rangi zinang'aa, sauti ni kubwa. Lakini jambo la kwanza lililotushangaza lilikuwa juu ya vidole.

Mtoto wa miaka tisa aligusa kioo mara moja, kikaitika. Babu yake akagusa palepale, kioo kimya. Akagusa tena kwa nguvu, kimya. Akasema, "Hiki kinabagua wazee!" Sababu si uzee. Kioo hakisikii nguvu ya kidole. Kinasikia umeme mdogo sana unaopita katika ngozi yenye unyevu. Mkono uliokomaa kwa jembe una ngozi ngumu na kavu, na umeme ule haupiti vizuri. Basi usibonyeze kwa nguvu, utavunja kioo bure. Gusa kwa upande wa kidole palipo laini, au lowesha kidole kidogo tu kisha ufute. Babu alifanya hivyo, akaendesha gari la mchezo mpaka likaanguka mtoni. Alicheka sana.

Mchana juani kioo hakionekani. Ukikaa chini ya mkorosho, kinaonekana. Mchezo wa magari hukipa kishikwambi joto jingi, na betri yetu iliisha kwa muda wa saa tatu hivi. Tulipokitumia kwa kusoma maandishi tu, kilikaa karibu siku nzima. Kwa hiyo ni mchezo unaokula chaji, si kitabu. Kama nyumbani una sola ndogo ya wati 10, tegemea saa nne mpaka sita za jua zuri ili kukijaza. Siku ya mawingu hakijai.

Tena kuna vumbi. Wakati wa kupuliza salfa mikorosho, usikiache nje. Vumbi likiingia kwenye tundu la chaji, waya haushiki.

MICHEZO INAFUNDISHA AU INAPOTEZA WAKATI?

Wazazi wengi wanasema mchezo ni upuuzi. Sisi hatukubali moja kwa moja. Mchezo wa bao unachezwa na watu wazima wenye akili zao, na anayecheza bao anajumlisha na kutoa kete haraka kuliko mwanafunzi mwenye kalamu. Jambo la kuuliza ni hili: mchezo huu unataka mtoto afanye nini?

Jibu zuri lilipatikana hapahapa Tanzania, katika Mkoa wa Tanga. Mwishoni mwa mwaka 2017 lilianza jaribio katika vijiji vipatavyo 170. Watoto karibu 3,000 walipewa kila mmoja kishikwambi chake. Vishikwambi vilitolewa na kampuni ya Google. Jaribio liliandaliwa na shirika la Marekani liitwalo XPRIZE, likishirikiana na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Hapakuwa na mwalimu wa kuwafundisha. Ndani ya kishikwambi mlikuwa na michezo ya herufi, silabi na hesabu, kwa Kiswahili. Kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchajia kwa nguvu za jua.

Kabla ya kuanza, watoto walipimwa. Karibu robo tatu walisema hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 walipimwa tena. Idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zilitangazwa programu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, zikagawana dola milioni 10.

Fikirini vizuri habari hiyo. Nusu ni wengi, maana hawakuwa na mwalimu hata mmoja. Lakini ni nusu tu. Wale wengine walikuwa na kioo kilekile na jua lilelile, nao bado hawakusoma. Kwa hiyo anayekuuzia kishikwambi akisema mtoto atajua kusoma mwenyewe bila shule, muulize kuhusu hiyo nusu nyingine.

Wazee mnakumbuka mwaka 1973, wakati wa "Mtu ni Afya". Redio ilikuwa moja, na watu walikaa pamoja kuisikiliza, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Kishikwambi hukaa na mtu mmoja. Ndiyo maana sisi tunapenda mtoto akitumie akiwa na mtu mzima pembeni. Na kama wewe mwenyewe umejifunza kusoma ukubwani, usione haya kucheza michezo hiyo ya herufi pamoja na mjukuu. Programu zile mbili za Tanga zilitolewa wazi, yeyote anaruhusiwa kuzitumia bila malipo. Muombe mwalimu au kijana anayejua simu akuwekee.

Kishikwambi chetu kilikuja na michezo tofauti kabisa: magari, bunduki, na ule wa kupasua mapovu. Iliitwa ya bure. Lakini kila baada ya dakika chache ulitokea mtangazaji, na tangazo linakula bando. Kisha mchezo ukasema, lipa kidogo upate gari jipya. Mtoto hajui kuwa hiyo ni fedha ya kweli. Anagusa tu. Dawa yake ni kuzima data kabla ya kumpa mtoto, na kutounganisha kishikwambi na akaunti yako ya fedha. Mchezo usiokubali kufunguka bila data, uondoe.

SAA INAYOVALIWA

Sasa tuje kwenye saa. Hapa ndipo tunapoomba usome polepole, maana hapa pana hatari ya maisha.

Saa hizi huitwa saa janja. Zipo pia pete za namna hiyo. Chini ya saa, upande unaogusa ngozi, pana taa ndogo ya kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu hujaa kidogo mkononi na mwanga unaorudi hupungua. Kisha damu hupungua na mwanga huongezeka. Saa huhesabu huko kupanda na kushuka, ikasema moyo umepiga mara ngapi kwa dakika.

Kazi hiyo saa yetu iliifanya vizuri. Tulimkalisha mama mmoja kitini, tukaweka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, tukahesabu kwa dakika nzima. Tulipata mapigo 72. Saa ilisema 74. Si mbaya.

Kuhesabu hatua ilishindwa. Mama yuleyule alitwanga mahindi kwenye kinu. Alisimama palepale, hakwenda popote, na saa ikasema ametembea hatua mia kadhaa! Kisha alibeba ndoo ya maji kichwani, mkono umeshika ndoo, akatembea kutoka bombani mpaka nyumbani. Saa ilihesabu hatua chache mno. Sababu ni kwamba saa haioni miguu. Inasikia mkono unavyotikisika. Waliotengeneza saa hii walimfikiria mtu anayetembea mjini akipunga mikono. Hawakumfikiria mwanamke wa Newala, ambaye bibi zake waliteremka genge na kupanda tena kwa ajili ya ndoo moja ya maji.

Hatua ni jambo dogo. Zikikosewa, hakuna anayekufa. Presha ni jambo jingine.

Saa ilisema presha ya yule mama ni 118 kwa 76. Tukafurahi. Ndipo kijana mmoja mtundu akamenya muhogo, akaufunga ile saa, akabonyeza. Saa ikawaka kijani, ikangoja kidogo, ikasema: presha 121 kwa 78. Muhogo una presha nzuri kuliko wazee wengi wa hapa kijijini!

Kumbe saa ile haipimi presha hata kidogo. Inatoa namba zinazofanana na za mtu mzima mwenye afya. Presha hupimwa kwa mkanda unaofungwa juu ya kiwiko na kujazwa upepo mpaka ubane mshipa. Zipo saa chache za bei kubwa zenye mkanda wa kujaa upepo. Nyingine zinataka kwanza upimwe kwa mashine ya kawaida, tena urudie kila baada ya wiki nne. Hizo si zile zinazotandazwa kwenye turubai sokoni.

Hatari iko hapa. Mtu ana presha ya kupanda, na anakunywa vidonge vya hospitali. Presha haiumi. Anaweza kulima huku ikiwa juu. Anavaa saa, kila asubuhi inasema 120. Anasema, "Nimepona," anaacha vidonge. Baada ya miezi anaanguka shambani, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi na mdomo umepinda. Hicho ndicho kiharusi.

Sukari ni vivyo hivyo, tena mbaya zaidi. Mwezi Februari 2024, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa onyo. Ilisema haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu wa kisukari akijidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo, sukari inaweza kushuka mno, akachanganyikiwa na kuzimia siku hiyohiyo, hata kufa. Tone la damu kwenye kidole linauma kidogo, lakini linasema kweli.

Jambo jingine linatuhusu sisi weusi. Mwezi Desemba 2020, madaktari wa Marekani walitangaza uchunguzi juu ya vile vipimo vya hospitali vya kubana kidole, vinavyotumia mwanga kupima hewa safi katika damu. Waliona kuwa vipimo hivyo vilishindwa kutambua upungufu wa hewa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ngozi nyeusi hupokea mwanga kwa namna nyingine. Basi kama kipimo cha hospitali kinaweza kukosea hivyo, namba ya hewa kwenye saa ya sokoni isikufanye ubaki nyumbani wakati mtoto anahema kwa shida.

JE, TUSINUNUE?

Saa nunua ukipenda. Inaonyesha saa, inakuamsha, inahesabu mapigo, na vijana wanaipenda mkononi. Lakini ilipie kama saa, usiilipie kama daktari. Ukitaka kuijaribu, nenda sokoni na muhogo uliomenywa, au ndizi. Mwambie muuzaji aifunge. Ikitoa presha, umekwisha kuielewa.

Presha yako kaipime kwenye zahanati ya kijiji, au Hospitali ya Mkomaindo ukiwa Masasi, au Ndanda, au hospitali ya wilaya Newala. Kaa chini dakika tano kwanza, usiongee, mkono uwe juu ya meza. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, rudi siku nyingine upimwe tena, na umsikilize mganga atakavyosema. Kama umo kwenye dawa, usiache wala kupunguza mpaka yeye akuambie.

Kishikwambi, kabla ya kulipa, kiwashe palepale. Gusa pembe zote nne za kioo uone kama zinaitika. Chomeka waya uone kama chaji inaingia. Kikae kinacheza mchezo kwa robo saa, kisha shika mgongo wake. Uvuguvugu ni kawaida, lakini kikikuchoma mkono, kirudishe.

Na ukiona siku moja mgongo wa kishikwambi, au wa simu, umevimba kama andazi, betri imeharibika. Usiichaji tena, usiitoboe, wala usiitupe motoni, inaweza kulipuka. Iweke nje mahali pakavu, mbali na watoto na mbali na nyasi, mpaka utakapompelekea fundi.