Kicheko Kilifika Kabla ya Chupa Kufunguliwa

"Shikamoo dokta. Sasa tukitoa pombe, geto tutachangamkaje?"

Mimi si daktari, ni muuguzi wa afya ya akili, na jina hilo nimeshalizoea. Swali lenyewe ndilo linalonichosha. Safari hii liliulizwa Kahe, si mbali na stesheni, baada ya mazungumzo ya afya na kikundi cha vijana. Kabla ya hapo niliulizwa Pasua, nikaulizwa Himo, nikaulizwa Mabogini. Kila mara linakuja limeshajijibu: uchangamfu umo ndani ya chupa, kwa hiyo mtaalamu aseme chupa ikiondoka kiwekwe nini mahali pake. Wanaouliza ni watu wazima wa miaka ishirini na mitatu, ishirini na sita. Wana bodaboda, wana vibanda vya simu, wana majaruba ya mpunga waliyokodi. Wanajua kupatana bei na dalali wa mchele asiyewahi kuwaona, halafu wanaamini hawawezi kuzungumza na rafiki waliosoma naye darasa la kwanza bila kunywa kwanza.

Sikuwajibu. Niliwaomba wanialike.

Jumamosi yake nikaenda. Chumba kimoja cha kupanga, godoro limesimamishwa ukutani ili watu wapate pa kukaa, sabufa juu ya ndoo ya maji yenye mfuniko. Vijana saba. Nilifika saa kumi na mbili jioni, nikatoa daftari. Kwa dakika ishirini na tano kilichozungumzwa ni chaja na matokeo ya Yanga, basi; muda uliobaki kila mtu alikuwa ameinamia simu yake. Kisha akaingia wa nane na mfuko wa salfeti begani, chupa zikigongana ndani. Simu zote zikawekwa chini. Mmoja akasogea kumpisha, mwingine akampokea mzigo, wa tatu akaanza kumtania kwa kuchelewa. Naye akajitetea kwa kisa cha pikipiki yake kunasa kwenye tope, akionyesha kwa mikono jinsi abiria wake, mama mmoja mwenye kuku wawili, alivyokataa kata kata kushuka. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kifungulio hakikuonekana, kikatafutwa nyuma ya godoro, mtu akatumwa kwa jirani. Dakika tisa. Muda wote huo hakuna tone lililokuwa limeingia tumboni mwa mtu yeyote, na geto lilikuwa limeshachangamka kuliko lilivyochangamka tena usiku ule. Ilipofika saa nne, wawili walikuwa wanagombania deni la zamani na mmoja amelala na viatu.

Kesho yake niliwaonyesha daftari. Wakabisha. Wakasema siku ile ilikuwa ya bahati mbaya.

Haikuwa bahati. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt na wenzake walichapisha jaribio ambalo ningependa kila kijana alijue kama anavyojua msimamo wa ligi. Walichagua vodka na maji ya toniki kwa sababu ikichanganywa kwa kipimo fulani mnywaji hawezi kuitofautisha na toniki tupu. Watu wakawekwa makundi manne. Kuna walioambiwa ni pombe na ikawa pombe kweli, na kuna walioambiwa ni pombe wakapewa toniki. Wengine waliambiwa ni toniki wakapewa toniki, na wa mwisho waliambiwa ni toniki huku glasi ina pombe. Waliokunywa zaidi ni wale walioamini kwamba wanakunywa pombe, iwemo isiwemo.

Miaka minne baadaye, 1977, Terence Wilson na David Abrams walitumia mpango huo huo kwa jambo linalotuhusu hapa hasa: aibu ya kuzungumza. Waliwatia wanaume kwenye maongezi na mwanamke wasiyemjua, wakawapima mapigo ya moyo. Walioamini wamekunywa ndio ambao moyo haukuwaenda mbio sana, hata wale ambao glasi yao ilikuwa na toniki tupu. Mwaka 1979 wakarudia kwa wanawake, na mambo yakageuka: wanawake walioamini wamekunywa ndio ambao miili yao ilionyesha wasiwasi zaidi. Ingekuwa dawa ya uchangamfu imo kwenye kinywaji, isingejua ikinywewa na nani imtulize na ikinywewa na nani imtie hofu. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila kundi lilifundishwa kukitarajia. Mwanaume amekua akiambiwa akinywa ataruhusiwa kucheka, kulia na kusema. Mwanamke amekua akiambiwa akinywa atatazamwa.

Sisemi pombe haifanyi kitu. Inafanya, ila si hicho mnachoisifia. Pombe ni kitu kinachopunguza kasi ya ubongo, na miongoni mwa vinavyolegea mapema ni uwezo wa kupima neno kabla halijatoka. Mtu akilegea hapo anaonekana amechangamka. Akiendelea, inafuata sehemu inayohifadhi kumbukumbu, ndiyo maana kisa cha mama mwenye kuku wawili kilichosimuliwa saa kumi na mbili na nusu kila mtu alikikumbuka kesho yake, na maneno ya saa nne hayakukumbukwa na yeyote isipokuwa mimi niliyeyaandika.

Halafu kuna tiba za mtaani, ambazo nimechoka kuzisikia: kunywa maziwa kabla, kula mafuta kabla, kahawa ya rangi baadaye, maji baridi kichwani. Chakula kinachelewesha pombe kufika kwenye damu, hakiifuti. Kahawa inafukuza usingizi tu. Unapata mlevi aliye macho. Kinachoiondoa pombe ni ini, nalo halina haraka. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, na ini la kawaida linamudu kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Piga hesabu: chupa nne kuanzia saa mbili usiku zinaisha mwilini kati ya saa kumi alfajiri na karibu saa moja na nusu asubuhi. Saa kumi na mbili asubuhi kijana wa bodaboda ameshapakia abiria kwenda Moshi, amekunywa na kahawa yake, na anaapa yuko safi.

Wapo wanaonijibu kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. "Mbona wazee walikunywa, na walikaa vizuri?" Naichukulia hoja hiyo kwa uzito, maana mbege ni kazi ya watu na naiheshimu. Lakini tazameni kilichokuwa kinafanyika. Ndizi zinaivishwa, zinapikwa, zinaachwa zichachuke siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa, unasagwa, unapikwa, gome la msesewe linatia uchungu wake, ndipo vyote vinakutana. Karibu wiki nzima mji unajua kuna jambo linakuja: mahari, matanga, kikao cha ukoo. Siku ikifika, kata inashikwa kwa zamu, mkubwa anaanza, na aliyeishika wengine wanamsikiliza. Kilichokalisha watu pamoja ni wiki ile ya kazi na kungoja, ni zamu, ni sababu ya kukutana. Ondoa hayo yote ubaki na kilevi peke yake, kisha ukiweke kwenye chupa ndogo ya pombe kali ya kunywa kwa dakika moja. Hapo umerithi nini kwa babu yako?

Swali la kuuliza ni hili: mfuko wa salfeti ulifanya nini? Uliwapa watu wote kitu kimoja cha kutazama. Uliwapa mikono kazi. Ulimfanya mtu mmoja afike akiwa na kisa. Tafuteni vitu vinavyofanya hivyo, viko tele, na nitavitaja haraka kwa sababu hivyo havihitaji mtaalamu.

Drafti: boksi la biskuti, miraba 64, vizibo vya soda kumi na viwili kila upande, vya mmoja vikilazwa kifudifudi. Aliyefungwa anapisha, watazamaji wanaruhusiwa kubishana. Bao: kama hamna ubao, chimbeni mashimo 32 uwanjani, kete 64 ni maharage. Karata, arubastini, wawili kwa wawili. Kupika pamoja ndiko ninakokupenda kuliko vyote: shusheni mkungu wa mshare kutoka mlimani, mpakae mafuta mikononi utomvu usiwafanye weusi, mmoja amenye, mmoja akatekate, mmoja achochee moto, na aliyechelewa aoshe sufuria. Mtori hauivi kwa dakika tano, na hapo ndipo stori zinapatikana. Au kaangeni perege wa Nyumba ya Mungu. Mechi ya Simba na Yanga, runinga ya mmoja wenu na mchango wa karanga, badala ya kubanana kibanda umiza. Mkaribisheni babu aliyefanya kazi reli kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, awaeleze treni ilivyokuwa ikitoka hapo hapo Kahe kwenda Voi kupitia Taveta. Mumrekodi kwa hizo simu. Vitendawili kwa Kikahe, na asiyejua jibu atoe mji.

Kutaneni Jumapili saa tisa alasiri badala ya usiku: mbu wa malaria kazi yao ni kuanzia jioni hadi alfajiri, na dada zenu wataruhusiwa kuja na kurudi kukiwa na mwanga. Sabufa ipunguzwe mpaka mtu aliye mlangoni asikike bila kupaza sauti. Simu kwenye bakuli moja. Msizidi wanane, la sivyo mtagawanyika makundi. Mchango uwe mdogo kiasi kwamba asiye na kitu wiki hiyo haoni haya kuja.

Jambo moja halitaki haraka. Ikiwa kati yenu yupo anayekunywa kila siku, na asubuhi mikono inamtetemeka au anatoka jasho mpaka apate ya kuzimua, msimkataze pombe ghafla kwa sababu geto limeamua. Mwili uliozoea ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, na watu hufa kwa hilo. Nyinyi mnaokaa naye ndio mtakaoona kikombe kinavyotikisika kabla mama yake hajaona. Mpelekeni kituo cha afya asubuhi hiyo hiyo, mmoja wenu aende naye, aingie naye ndani, amweleze mhudumu kiasi anachokunywa bila kupunguza.