Kabla ya Kwenda Kuwaona Sokwe, Acha Mafua Yako Nyumbani

Katika parokia zetu, kuanzia Ruanda hadi vigango vya mwambao wa Ziwa Nyasa, tumezoea safari za hija na za kwaya. Siku hizi wapo wazazi na vikundi vya vijana wanaotamani pia kutembelea hifadhi za taifa, na wengine huuliza habari za sokwe. Hapa kwetu Ruvuma sokwe hawapo; tunao nyani, tumbili na ngedere, ambao wakulima wa mahindi wanawafahamu kuliko wanavyopenda. Anayetaka kumwona sokwe porini huenda mkoani Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika hifadhi za Gombe na Mahale.

Ukurasa huu ni wa afya, si wa utalii. Lakini safari hii ina jambo la kiafya ambalo safari nyingine hazina. Huko hutakiwi kujikinga wewe tu na maradhi. Unatakiwa pia kumkinga mnyama na maradhi uliyokwenda nayo.

Sokwe anafanana na binadamu kwa asilimia 98 hivi katika chembe za urithi. Kwa sababu hiyo magonjwa mengi yanayotushika sisi humshika na yeye. Jambo hili lilionekana Gombe mwaka 1966. Jane Goodall, yule mama Mwingereza aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki Oktoba 2025, alikuwa tayari amewazoeza sokwe kuja kambini kula ndizi. Mwaka huo ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ulikuwa umewapata watu wa sehemu zile, kisha ukaonekana kwa sokwe. Kadhaa walikufa, wengine wakabaki na mikono au miguu iliyopooza. Yale matone ya chanjo wanayopewa watoto wetu kliniki yaliwekwa ndani ya ndizi ili sokwe nao wayameze. Baadaye desturi ya kuwalisha iliachwa.

Polio ni ugonjwa mkubwa, na kila mzazi anauogopa. Linalotushangaza zaidi ni mafua. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, kundi la sokwe 56 lilishikwa na kikohozi, na watano kati yao wakafa. Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba kirusi kilichowaua ni cha jamii ya mafua ya kawaida ya binadamu, yale ambayo mtoto huugua, akatokwa na kamasi wiki moja, kisha akarudi kucheza. Huko Mahale nako, mwaka 2006, ugonjwa wa mfano wa mafua ulisababisha sokwe wapatao 12 wa kundi moja kufa au kutoweka.

Kwa nini wafe kwa jambo dogo hivyo? Sisi huyapata mafua tangu utotoni, na mwili hujifunza kupambana nayo kidogo kidogo. Sokwe wa porini hajajifunza. Tena hawazaliani upesi: jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano hivi. Gombe nzima ina sokwe wapatao mia moja tu. Kundi likipoteza majike watatu kwa kikohozi kimoja, pengo hilo halizibwi kwa miaka mingi.

Hapo ndipo zinapotoka sheria ambazo wageni wengine huziona kama usumbufu. Hakuna anayeingia msituni peke yake. Mnakwenda na mwongozaji wa hifadhi. Mnakwenda wachache, na muda wa kukaa karibu na sokwe ni saa moja. Huko Mahale kundi la wageni halizidi watu sita, hukaa umbali wa mita 10, na kila mmoja huvaa barakoa. Barakoa huvaliwa hata na asiyeumwa, kwa sababu mtu huweza kuambukiza mafua siku moja kabla hajaanza kupiga chafya. Sokwe akikusogelea, wewe ndiye unayerudi nyuma. Msile mbele yao wala kutema mate, na msiache maganda ya ndizi au mabaki yoyote njiani. Mwenye haja amwambie mwongozaji kabla ya kujitenga. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, kwa hiyo ulizeni hifadhini umri unaokubaliwa kabla ya kumwahidi mtoto.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, nao uko nyumbani. Familia imeweka akiba ya fedha za kahawa kwa misimu miwili. Nauli imelipwa. Siku mbili kabla ya kuondoka, kijana wa miaka kumi na sita anaanza kukohoa. Baba anasema ni vumbi tu. Mama anampa asali na limau na kumwambia asikohoe mbele ya mwongozaji. Ndugu zangu, mkifanya hivyo mmekwenda kuua kwa fedha yenu wenyewe kile mlichokwenda kukitazama. Mwenye mafua, homa, kikohozi, kuhara au vipele vya kuambukiza haingii msituni. Kwa hiyo lizungumzeni mapema, siku mnapoanza kuweka akiba: nani atabaki naye mgonjwa, na je, malipo yanaweza kusogezwa mbele? Hili la malipo mliulize hifadhini kwa maandishi. Vikundi vya vijana wakubaliane kwamba atakayebaki kambini hatachekwa wala kulaumiwa. Anayechekwa leo, mwenzake kesho ataficha.

Mtu anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi asisubiri safari. Aende hospitali apimwe kifua kikuu. Na kadi za kliniki za watoto ziangaliwe, hasa chanjo ya surua.

Ama kuhusu afya yenu wenyewe, safari ni ndefu. Kwa barabara mtatoka Mbinga kwenda Songea, Njombe na Makambako, kisha Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda hadi Kigoma. Siyo safari ya siku moja, na mzee mwenye shinikizo la damu au mama mjamzito afikirie sana. Wengine hupitia Dar es Salaam na kupanda treni ya Reli ya Kati. Kutoka Kigoma mnasafiri kwa boti, na hapo watu wa Mbamba Bay na Lituhi hawahitaji kufundishwa: ziwa likichafuka, hairi, na boti isiyo na majaketi ya kujiokolea msiipande.

Wakati mzuri ni kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia zinapokuwa kavu. Najua ndio wakati wa kuchuma kahawa. Kila familia ipime. Milima ya huko ni mikali, ingawa mtu aliyekulia kwenye ngoro za Umatengo hatatishika nayo. Kinachomtisha mtu wa Umatengo ni malaria. Anayeishi kwenye baridi ya juu hana mazoea nayo kama mtu wa mwambaoni, naye huugua vibaya zaidi akishuka kwenye joto. Chukueni chandarua, na muulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka. Maji yachemshwe, kipindupindu kiliwahi kuzuka Kagunga, kaskazini ya Gombe, mwaka 2015, wakimbizi walipofurika kutoka Burundi. Kichocho nacho kipo katika Ziwa Tanganyika kama kilivyo katika Ziwa Nyasa.

Liko swali ambalo wazazi huuliza kwa sauti ya chini: je, UKIMWI haukutoka kwa sokwe? Ni kweli kwamba virusi vya UKIMWI vilitokana na virusi vya sokwe wa kusini mashariki ya Kamerun, mwanzoni mwa karne ya 20, na inaaminika vilimwingia binadamu kwa njia ya damu wakati wa kuwinda na kuchinja. Sokwe wa Gombe nao wana virusi vya jamii hiyo, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa vinawadhoofisha na kuwaua. Lakini kwa kumtazama sokwe kutoka mita 10 huwezi kuvipata. Hatari iko kwenye damu na nyama ya mnyama wa porini, kwa hiyo msimguse mnyama mliyemkuta amekufa, mwambieni mwongozaji.

Mkisharudi nyumbani, mtu akipata homa katika majuma yanayofuata asimeze vidonge vya kubahatisha. Aende zahanati siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza amweleze mhudumu kwamba ametoka Kigoma, na tarehe aliyorudi.