Mama Mzee Apande Ndege? Kupima Hatari ya Maambukizi Safarini

Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilipowatahadharisha waamini juu ya wimbi jipya la Korona, familia nyingi zenye ndugu ughaibuni zilijiuliza: je, mama mzee apande ndege kwenda kumwona mwanawe?

Wengi huogopa hewa ya ndani ya ndege. Hofu hiyo ni kweli nusu tu. Katika ndege kubwa za kisasa hewa hubadilishwa kila dakika mbili au tatu, na ile inayorudishwa hupitishwa kwenye vichujio vinavyonasa chembe zenye virusi. Hatari kubwa ni jirani wa kiti. Machi 2020, katika safari ya saa kumi kutoka London kwenda Hanoi, abiria mmoja mwenye kikohozi yaelekea aliwaambukiza watu 15. Kati yao 12 waliketi katika daraja lake. Siku hizo barakoa hazikuwa lazima.

Hata hivyo, safari haianzii uwanjani. Atokaye Omurushaka hupanda kwanza basi lililojaa, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi au mvua. Humo hamna vichujio! Afungue dirisha kabla ya kuulizia aina ya ndege.

Kwa mzee mwenye kisukari, chanjo na barakoa hupunguza hatari bila kuiondoa. Harusi yaweza kungoja; kumuuguza mtoto huenda kusingoje. Hapo ashauriane na daktari. Naye arudiye na homa asiende Misa ya Jumapili: ugonjwa humwondolea mwamini wajibu huo.