Bingwa wa Snuka Aliyefungiwa kwa Kamari

Hapa Kyela vijana wengi wanaujua mchezo wa puli. Ni ule wa kusukuma mipira kwa fimbo juu ya meza mpaka iingie kwenye mashimo. Snuka ni ndugu yake. Meza yake ni ndefu zaidi, kama mita 3 na nusu. Mipira ni 22: myekundu 15, ya rangi nyingine 6, na mmoja mweupe. Huo mweupe ndio unaopigwa kwa fimbo ili ugonge mingine.

Mashindano ya ubingwa wa dunia yalianza Uingereza mwaka 1927. Kwenye fainali, anayetangulia kushinda michezo 18 ndiye bingwa.

Mwaka 2025 Zhao Xintong wa China alimshinda Mark Williams wa Wales, 18 kwa 12. Alipata pauni 500,000. Kumbe kijana huyu alikuwa ametoka kwenye adhabu! Mwaka 2023 alifungiwa kucheza kwa miezi 20. Alikiri kuwa alicheza kamari juu ya mechi za snuka. Pia alihusika mwenzake alipopanga matokeo ya mechi mbili. Wachezaji wengine wawili walifungiwa maisha.

Tunasema haya kwa sababu kamari ipo hata kwenye meza zetu. Mtu anauza mpunga au kakao, anaweka hela mezani, anarudi nyumbani mikono mitupu. Watoto watavaa nini shuleni?

Mchezo si mbaya. Tucheze, tufurahi, lakini tusiweke dau. Zhao alipata nafasi ya pili. Hela ya mpunga ikishaliwa mezani, ndiyo imekwenda.