Je, Wajua? Jenereta ya kulala nayo botini

Je, wajua kwamba jenereta mbili zenye nguvu sawa zinaweza kupishana kasi maradufu? Umeme wa Kongo ni wa hezi 50. Kuutoa, jenereta ndogo ya esansi huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Ile nzito ya mazutu mara nyingi huzunguka 1,500 tu. Kwa mfanyabiashara wa Kabambare anayelala ndani ya baleinieri ya mbao kutoka Kindu hadi Ubundu, kilomita 300 hivi za mto Lualaba, tofauti hiyo ndiyo usingizi wake. Ya polepole ina kelele kidogo, tena hudumu.

Ila usinunue kubwa kwa fahari. Injini ya mazutu ikipewa kazi ndogo mno kwa muda mrefu hujaa masizi. Ukikadiria ukubwa unaokufaa, anza na friza yako: inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi kuliko ikishatulia.

Na moshi! Una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Chini ya turubai huua watu usingizini. Jenereta ikae nyuma kabisa, upepo uuchukue moshi mbali na wanaolala.