Hadithi ya Waliorudi Handeni

Mtoto hajifunzi ukarimu kwa kuamriwa awe mkarimu. Hujifunza anapomfuata mtu katika hadithi, akamhofia na kumfurahia. Ndiyo maana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria (Luka 10).

Sisi wa Handeni na Korogwe tunayo hadithi ya kwetu. Katika karne ya 19, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani, wakavushwa bahari hadi Somalia. Baadhi walitoroka, wakaanzisha vijiji kando ya mto Juba. Masimulizi yao humtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Vizazi vikapita, Kizigua hakikufa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita kuenea, wajukuu wao walikimbia, na baadhi wakafika Tanzania. Walipewa makazi wilayani Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo. Wengi wao baadaye walipata uraia.

Tunapowasimulia watoto wa chekechea, tuanze na "Paukwa", nao waitikie "Pakawa". Kisha tusimame pale wageni wanapofika, wamechoka, wanasema lugha ya bibi lakini mavazi yao ni mageni. Tuulize: wewe ungefanya nini? Mtoto akijibu "ningewafukuza", tusimkaripie. Tumuulize: usiku huo wangelala wapi? Swali humfanya afikiri. Karipio humfundisha kuficha tu.

Lakini kumpokea anayesema lugha yetu ni rahisi. Msamaria alimhudumia mtu asiye wa kwao. Hivyo hadithi ya pili imhusu jirani tusiyefanana naye. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalikusanya vibarua wa makabila mengi. Msomera, Handeni, tangu mwaka 2022 imepokea familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro. Ugomvi wa mifugo na mashamba watoto wanausikia nyumbani, pamoja na majina ya dharau.

Hapa tusiwadanganye kwa hadithi tamu ambayo mwishoni wote wanacheka. Tuwaonyeshe mkulima aliyeliwa mahindi na mfugaji ambaye ng'ombe wake wana kiu, kisha tuwaache watoto watafute njia. Na kama darasani yupo mtoto wa mfugaji, asimulie mwenyewe hadithi ya kwao, tusimsemee.

Makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu, tujaribu hadithi moja kila juma. Tutajua imeingia siku mtoto atakapomzuia mwenzake kutamka jina la dharau, nasi hatupo.