Sindano moja, mwezi mzima: mbona insulini imegoma?

Kama umewahi kuteremka kwenye basi pale Same saa nane mchana, joto lake unalijua. Soda ya baridi inageuka chai mkononi. Sasa mfikirie mwenye kisukari wa Chome au Vudee aliyeshuka mlima kufuata insulini. Chupa isiyofunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa inavumilia wiki nne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30. Na kujichoma ni kila siku, wengine mara nne kwa siku. Si mchezo!

Mbona akina mama wanachomwa sindano ya uzazi wa mpango leo, wanarudi baada ya miezi mitatu? Insulini inaringia nini?

Tatizo ni kwamba insulini ni protini, ndugu yake nyama na maharage. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama makande. Ukiichoma, haikawii kuisha. Wataalamu wakapata ujanja wa kuzifungia dawa za namna hii ndani ya vipunje vya mviringo, vidogo kama unene wa unywele, vinavyochomwa kwa sindano na kuachia dawa kidogo kidogo. Vimetengenezwa kwa plastiki, lakini usishtuke. Ni jamii ya zile nyuzi za hospitali zinazoyeyuka zenyewe kwenye mshono. Inavunjika kuwa asidi ya glikoli na asidi ya laktiki, na hiyo ya pili imo kwenye maziwa ya mgando.

Robert Langer na Judah Folkman wa Marekani walionyesha mwaka 1976 kwamba plastiki inaweza kuachia protini polepole kwa siku nyingi. Mwaka 1989 Marekani ikaruhusu Lupron Depot, sindano ya mwezi kwa saratani ya tezi dume. Mwaka 1999 ikaja Nutropin Depot, homoni ya ukuaji, lakini 2004 watengenezaji wakaiacha. Kuitengeneza kulikuwa na gharama mno.

Insulini ndiyo mkorofi. Vipunje vina tabia ya kumwaga dawa nyingi siku ya kwanza, na insulini ikimwagika hivyo sukari inashuka mpaka mtu anazimia. Utavitoaje na vimeshaingia mwilini? Tena vikianza kuvunjika, asidi yake inaichakaza protini iliyobaki ndani. Halafu kuna suala la chakula. Leo umeshiba ndizi, kesho umeshinda njaa shambani. Kipunje hakijui habari hizo, kinaachia tu.

Mwaka 2024 Ulaya iliruhusu insulini ya mara moja kwa wiki, icodec. Hiyo haina vipunje, inajishikiza kwenye protini ya damu iitwayo albumini. Hata hivyo mwenye kisukari cha aina ya kwanza bado anajichoma kila mlo.

Asiye na friji ana chungu. Kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini penye upepo. Hewa kavu ya Same, ambako mvua nyingi inaishia milimani, inakausha maji haraka na chungu kinapoa. Hakifiki nyuzi 8, ila chupa iliyofunguliwa inapata nafuu. Mwenye friji naye asiiweke kwenye friza. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka.